Fao, chuo, uanagenzi, utarajali au mkopo: mtafuta kazi wa Tanzania aanzie wapi?

Anayetafuta kazi Tanzania leo hakosi pa kubisha hodi. Shida ni kwamba milango ni mingi na mingine majina yake yanakaribiana. Kuna fao la upotevu wa ajira na kuna kiinua mgongo. Kuna uanagenzi, utarajali na urasimishaji wa ujuzi. Kuna kozi fupi na kozi ndefu za VETA, mamlaka ya ufundi stadi. Kuna TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Kuna ruzuku ya TASAF kwa kaya masikini na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Matokeo yake, mtu anapanga foleni nusu siku kwenye ofisi isiyohusika na shida yake, anaambiwa "hapa sipo", anarudi nyumbani akiamini kwamba hakuna chochote kwa ajili yake. Hilo linaniumiza, kwa sababu mara nyingi anachokitafuta kipo, ila kipo ofisi nyingine, na huenda kina tarehe ya mwisho ambayo inazidi kukaribia.

Kabla ya kulinganisha chochote, jiulize unapungukiwa na nini hasa. Ni hela ya kula mwezi huu? Ni ujuzi wenyewe? Au ujuzi unao ila huna karatasi ya kuuthibitisha? Labda vyeti unavyo na kila tangazo linadai uzoefu. Labda una kila kitu ila mtaji. Karibu kila mpango nilioutaja unaziba pengo moja tu kati ya hayo. Ukiingia wa pengo lisilo lako, utamaliza mwaka na utabaki pale pale.

Nitaanza na pesa, maana huko ndiko siku zinakohesabiwa.

Umeachishwa kazi: fao la upotevu wa ajira au kiinua mgongo?

Wengi huviona hivi kuwa kitu kimoja. Ni viwili, vinalipwa na watu wawili tofauti, na ukipata kimoja hujapoteza kingine.

Kiinua mgongo kinalipwa na mwajiri wako mwenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ukiwa umefanya kazi mfululizo kwa angalau miezi 12 na mwajiri ndiye aliyekuachisha, anapaswa kukulipa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Tuseme karani wa ghala analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Siku yake moja inafika kama 23,000, siku 7 ni kama 161,500. Akiwa amefanya kazi miaka 5, kiinua mgongo chake ni kama 807,000. Hapo bado hujahesabu notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, wala malipo ya likizo ambayo hakwenda.

Fao la upotevu wa ajira linatoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii: NSSF kwa sekta binafsi, PSSSF kwa watumishi wa umma. Lilikuja na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yale yale yaliyounganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kabla ya hapo watu walikuwa wamezoea fao la kujitoa: kazi ikiisha, unachukua michango yako yote unaondoka. Sasa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Karani wetu atapata kama 200,000 kila mwezi, jumla kama milioni 1.2. Ambaye hajafikisha miezi 18 ya michango anapewa kwa mkupuo nusu ya michango aliyokatwa yeye.

Nawasikia watu wakilalamikia badiliko hili, na nawaelewa. Mtu mwenye watoto shuleni anaziona fedha zake ziko mfukoni mwa mtu mwingine. Ila kuna hesabu ambayo fao la kujitoa liliificha. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, na kila aliyejitoa alianza kuhesabu upya kutoka moja. Aliyefanya kazi miaka 16 katika viwanda vitatu, akajitoa mara tatu, alifika uzeeni mikono mitupu.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Vyote viwili, fao na kiinua mgongo, vinasimama juu ya jambo moja: kwamba hukuacha kazi kwa hiari yako. Ndiyo maana mwajiri mjanja, badala ya kukuandikia barua ya kukuachisha, anakuita ofisini kwa sauti ya upole na kukuambia andika barua ya kujiuzulu "ili tusiharibu rekodi yako". Ukisaini, umejifungia milango miwili kwa mkono wako. Usiandike. Mwambie akupe barua yake, yenye sababu yake, na umdai cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka akupe kazi inapokwisha. Kama alikulazimisha kwa kukufanyia kazi isivumilike, sheria inalitambua hilo pia kuwa ni kuachishwa. Lakini itabidi ulithibitishe, na kulithibitisha ni kazi kubwa kuliko kukataa kusaini.

Ukiona umeonewa, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Fomu namba 1 haina malipo. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku uliyochelewa. Ambaye hajamaliza miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, ingawa mshahara aliokwisha kuutumikia bado ni wake na anaweza kuudai.

Kwa hiyo hapa huchagui kimoja ukaacha kingine. Unapanga nini kitangulie: CMA kwanza kama kuna mgogoro, kwa sababu siku 30 hazikungoji, halafu mfuko wako, ukiwa na barua ya kuachishwa mkononi, na mwajiri kwa kiinua mgongo na notisi siku ile ile ya kuondoka.

Huna ujuzi: chuo cha VETA au uanagenzi?

VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kozi ndefu zake zina ngazi tatu, ya kwanza hadi ya tatu, na fani nyingi zinampokea hata aliyeishia darasa la saba. Ada kwenye vyuo vya umma ni jambo ambalo watu wengi hawaliamini wakiambiwa: kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Juu yake utaongeza sare, vifaa na nauli, na hivyo ndivyo vinavyomshinda mtu kuliko ada. Kozi fupi zina bei zake, na mara nyingi wiki sita za kozi fupi zinazidi ada ya mwaka mzima ya kozi ndefu.

Uanagenzi ni njia nyingine kabisa. Unajifunza ukiwa kazini, chini ya fundi mzoefu, na chuoni unakwenda kwa vipindi. Kuna mkataba kati yako, mwajiri na chuo. Serikali imekuwa ikigharamia mafunzo hayo kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, nafasi zikitangazwa kwa awamu katika fani kama ushonaji, ngozi, uashi, useremala, umeme na ufundi magari. Tangazo likitoka, muda wa kuomba ni mfupi, na anayepata ni yule ambaye vyeti vyake tayari vipo na namba yake ya NIDA anaijua.

Ukiniuliza mimi, kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na hana anayemtegemea, aende chuo. Kozi ndefu inampa msingi wa nadharia ambao gereji au karakana haina muda wa kumfundisha: kusoma mchoro, kupiga hesabu za vifaa, usalama kazini. Lakini mama wa miaka 28 mwenye watoto wawili, au kijana ambaye nyumbani wanamtazama yeye, hawezi kukaa darasani miaka miwili bila kuingiza kitu. Huyo uanagenzi unamfaa zaidi, kwa sababu mahali anapojifunza ndipo anapoweza kubaki kazini. Mwajiri aliyekuona unafika saa moja kasorobo kila siku kwa mwaka mzima hahitaji kukusoma kwenye wasifu.

Udhaifu wa uanagenzi ni kwamba unajua kile tu ambacho karakana ile inafanya. Mwanagenzi wa ushonaji aliyewekwa kwenye mstari wa kiwandani anaweza kushona mfuko wa suruali kwa kasi ya ajabu kwa miezi kumi bila kukata kitambaa hata mara moja. Kabla hujasaini mkataba, uliza utazungushwa sehemu gani na gani, na nani atajaza kitabu chako cha mafunzo. Kama mkataba hausemi, omba uandikwe.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi visisahauliwe katika hesabu hii. Viko 54, vilianza mwaka 1975, na vingi viko wilayani. Vinapokea walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata watoto, na baadhi vina malezi ya watoto wadogo wakati mama yuko darasani. Kwa msichana aliyekatishwa masomo, hicho ndicho chuo ningemwambia akakiulizie kwanza, hata kama kuna chuo chenye jina kubwa zaidi mjini.

Kuhusu vyuo binafsi nina neno moja tu. Angalia usajili wake NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kulipa, na uliza cheti cha mwisho kinatolewa na nani. Cheti cha mahudhurio kinasema tu kwamba ulikuwepo. Cheti cha tuzo ya taifa ya ufundi stadi kinasema umepimwa ukaweza. Kwenye fremu ukutani vinafanana. Mbele ya mwajiri anayejua kazi yake, havifanani hata kidogo.

Ujuzi unao, cheti huna: kozi mpya au urasimishaji?

Hili ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalojulikana kidogo kuliko yote. Mafundi wengi wa nchi hii hawakupita chuoni. Walianza wakiwa na miaka 14 wakishika tochi na kupitisha spana, wakakua hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo ana miaka 15 ya kazi, anafundisha vijana watatu, na bado kampuni ya magari ikitangaza nafasi hawezi hata kuomba. Wapo wanaomwambia akaanze VETA ngazi ya kwanza. Aketi na watoto wa miaka 17 afundishwe kutofautisha spana namba 12 na namba 13? Ni kumpotezea muda na kumvunjia heshima.

Njia yake ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Anakwenda chuo cha VETA kilicho karibu, anajaza fomu, anaeleza kazi alizofanya na mahali alipozifanyia. Anapimwa kwanza kuona amesimama wapi, anapewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo, halafu anapimwa rasmi kwa vitendo na kwa maswali. Akifaulu anapata cheti kulingana na kiwango chake. Imefanyika kwa mafundi magari, waashi, maseremala, wapishi, wahudumu wa hoteli na wengine. Zipo awamu ambazo serikali iligharamia kila kitu, na nje ya awamu hizo mtu anaweza kujilipia.

Inasaidia kujua mapema mafundi hukwama wapi. Fundi wa gereji hakwami kwenye kufungua gea boksi. Hiyo anaifanya amefumba macho. Anakwama akiulizwa kwa nini gari likishapandishwa kwa jeki lazima liwekewe stendi kabla hujaingia chini, kwa sababu maisha yake yote ameweka tofali na Mungu amemlinda. Anakwama akipewa spana ya kipimo akaambiwa akaze nati za silinda hedi kwa mpangilio na kwa kiwango kilichoandikwa, maana yeye hukaza kwa kuusikia mkono. Anakwama kwenye mashine ya kusoma hitilafu za magari mapya. Mwashi naye anajenga ukuta ulionyooka, ila uwiano wa saruji na mchanga hawezi kuutaja kwa namba, anapima kwa makoleo na kwa rangi ya mchanganyiko. Haya yote yanazibwa kwa wiki chache. Miaka 15 ya mkono wake hakuna chuo kinachoweza kumpa.

Kwa hiyo ukilinganisha: kozi mpya inamfaa anayebadilisha fani au ambaye ujuzi wake ni wa kuokoteza. Urasimishaji unamfaa ambaye wateja wanamtafuta kwa jina. Ukiamua njia hii, anza leo kupiga picha za kazi zako ukiwa na simu hiyo hiyo ya mkononi, kabla na baada, na uombe barua mbili tatu kwa wateja au waajiri wa zamani.

Katika fani nyingine cheti hicho kinafungua zaidi ya ajira. Kazi ya kufunga umeme inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na huipati kwa maneno ya wateja kwamba unajua kazi. Fundi umeme asiye na cheti hubaki kibarua wa mwenye leseni hata kama yeye ndiye anayemfundisha mwenzake.

Una shahada, huna uzoefu: utarajali au kujitolea?

Utarajali ni wa mhitimu. Usiuchanganye na fildi, ambayo ni sehemu ya masomo na inaisha kwa kupewa alama, wala na uanagenzi, ambao ni wa kumfundisha mtu fani. Mtarajali ameshasoma, anapelekwa kwenye taasisi au kampuni kujifunza jinsi kazi inavyokwenda, kwa miezi 6 hadi 12, kwa makubaliano ya maandishi na msimamizi anayejulikana. TaESA ndiyo inayoratibu nafasi nyingi za serikali, na anayezitaka sharti awe amejiandikisha huko.

Kujitolea hakuna ukomo, na hapo ndipo pana hatari yake. Nawajua walimu na wauguzi waliojitolea kwa moyo wote, shule na zahanati zikawategemea, mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wanaipenda kazi, na mapenzi hayo ndiyo yanayotumika kuwaweka hapo. Sisemi usijitolee. Nasema ukijitolea, fanya kama mtarajali: barua ya kukupokea yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, majukumu yako yaandikwe, na mwishoni barua ya uthibitisho yenye mhuri. Bila karatasi hizo, miaka miwili yako haionekani popote.

Nikipewa vyote viwili, nachagua utarajali hata kama posho ni ndogo. Kama kinachopatikana ni kujitolea pekee, nakubali kwa miezi 6, mahali ambapo kazi ninayoifanya ndiyo ninayotaka kuajiriwa nayo. Mhasibu aliyejitolea mapokezi kwa mwaka mzima ana uzoefu wa mapokezi.

Wapi pa kuzitafuta nafasi: Ajira Portal, TaESA au wakala?

Ajira Portal ni ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na ni kwa nafasi za serikali na taasisi zake. Haina malipo. Wengi hutupwa nje kabla hata ya usaili wa mchujo kwa mambo ambayo tangazo liliyaandika wazi: barua ya maombi haikusainiwa, umri umezidi miaka 45, cheti cha kuzaliwa hakikuambatishwa, au mtu ameweka hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Matokeo ya muda hayakubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake vithibitishwe na TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa sekondari au NACTVET kwa vyuo vya ufundi. Na yule ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita Mwajuma na cha kidato cha nne kinamwita Mwajabu, ashughulikie kisheria tofauti hiyo sasa, asingoje siku ya usaili. Aliyefaulu usaili akakosa nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa nafasi ikitokea, kwa hiyo usiuchukulie usaili ulioukosa kwa alama chache kuwa ni safari ya bure.

TaESA inakuunganisha na waajiri, wengi wa sekta binafsi, na inatoa mafunzo ya kuandika wasifu na kujiandaa kwa usaili. Kujiandikisha ni bure. Ina faida ambayo portali haina: unaweza kwenda ukazungumza na mtu, akakuambia wasifu wako una kasoro gani.

Wakala binafsi wapo wazuri, ila kipimo chao ni kimoja. Wakala halali analipwa na mwajiri. Akikudai "hela ya fomu", "hela ya kipimo" au "hela ya kushikilia nafasi", ondoka. Malipo halali kwenda serikalini, kama ada ya chuo cha umma, yanapitia namba ya malipo, na ukilipa jina linalotokea kwenye simu ni la taasisi. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu, umeibiwa, hata kama anajua jina la mkurugenzi na rangi ya geti.

Kwa mhitimu, jiandikishe portali na TaESA zote mbili, hazigongani. Kwa fundi, portali itakuletea nafasi chache mno, na ni bora siku zako uzitumie kupita kwenye viwanda na miradi ya ujenzi ukiwa na cheti na picha za kazi zako.

Mtaji: TASAF si mkopo, na mkopo si ruzuku

TASAF nitapita haraka. Mpango wa kunusuru kaya masikini ni wa kaya, si wa mtafuta kazi mmoja mmoja, na kaya hutambuliwa na jamii yenyewe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Huwezi kwenda ofisini ukaomba kwa sababu umepunguzwa kazi. Lakini kama kaya yenu tayari imo, kuna ajira za muda zinazolipa kwa siku, na kuna vikundi vya kuweka akiba ambavyo vimewapa watu mtaji wa kwanza.

Mkopo wa asilimia 10 ni jambo jingine. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ukarudi mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Kwa kawaida unapitia kikundi kilichosajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mtu wa kwanza wa kumuona.

Kati ya mkopo huu na wa kampuni za mikopo ya haraka, hakuna mashindano upande wa gharama. Mkopo wa simu wa wiki mbili unaweza kukuondolea faida yote ya mwezi. Kinachoupa mkopo wa halmashauri ugumu ni kikundi. Vikundi vingi vinaundwa wiki moja kabla ya kuomba, na watu wanaokutana kwa ajili ya hela huachana kwa ajili ya hela. Mwanakikundi mmoja akihama mji, deni lake linabaki kwenu. Kwa hiyo aliyetoka VETA ufundi wa aluminiamu, akiwa na wenzake wawili wa darasa lake na wengine anaowaamini, wameshafanya hata kazi tatu ndogo pamoja kwa mashine ya kuazima na wakagawana malipo bila ugomvi, huyo aombe. Ambaye bado hajauza hata dirisha moja asikope bado. Aende SIDO, shirika lililopo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, akaulizie mafunzo ya biashara, au aombe kibarua kwa fundi mwenye karakana ajue bei za malighafi zinavyopanda na kushuka, na mteja anayelipa kwa awamu anavyosumbua.

Kwa aliyepoteza ajira akapata fao: miezi 6 ya fao ni muda unaotosha kabisa kukamilisha urasimishaji au kozi fupi inayotambulika. Fao litakulisha wakati unajifunza. Kiinua mgongo, ukiweza, usikiguse katika muda huo. Kiweke kwa ajili ya vifaa vya kazi utakavyovihitaji ukishafaulu, seti ya spana, cherehani, au mashine ya kuchomelea. Na kama ulikuwa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ililipwa kwa hesabu ya mshahara wako. Ni ya mwajiri kulipa, haikutakiwa kukatwa kwako, na mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Fedha hizo ndizo zinazochangia vyuo na programu hizi. Ukiingia mlango wa VETA kuomba fomu, ingia kama mtu aliyechangia.